Boti ya Faiba Haing'ai kwa Nta Peke Yake

Bahari iko mbali, lakini boti za faiba zipo Arusha na Moshi. Nyingine hushushwa bwawa la Nyumba ya Mungu, nyingine Ziwa Duluti, na nyingine hukokotwa kwenda Pangani au Tanga wakati wa likizo kisha zikarudi kukaa uani mwaka mzima. Barua za toleo hili karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nta ipakwe wapi, lini, na kwa nini haidumu. Mafundi wetu wa faiba wanajibu.

Ndugu mhariri, habari za kazi. Nina boti ya faiba ya mita 5, ubavu wa bluu na sitaha nyeupe. Inakaa uani juu ya trela, na mwisho wa wiki naipeleka Nyumba ya Mungu. Bluu imefifia, na nikipitisha kiganja kinatoka cheupe. Nilinunua kopo la nta nikapaka ubavu mzima, ukang'aa vizuri. Wiki ya tatu umerudi kulekule. Je, niliuziwa nta feki?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Nta yako huenda haina kosa, ndugu yetu. Shida ni pale ulipoipaka. Weupe unaobaki kiganjani ni jelikoti iliyokufa. Jelikoti ndilo tabaka la juu la boti ya faiba, lenye rangi na mng'ao, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Jua huivunja rezini ya juu, yaani ile gundi ya plastiki iliyoganda, chembe za rangi zinakosa cha kuzishika, na uso unageuka unga kama wa chaki. Huku kwetu hali ni mbaya kuliko pwani, kwa sababu Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na Arusha inakaribia mita 1,400, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inayoharibu rezini inavyofika na nguvu zaidi. Bluu, nyekundu na nyeusi huonyesha mapema kuliko nyeupe. Ukipaka nta juu ya unga huo, nta inaushika unga vizuri kabisa, ila unga wenyewe hauishiki boti. Mvua mbili tatu, vyote vimeondoka pamoja.

Kabla ya kununua kitu kingine, mwagia ubavu maji. Ukiona bluu inarudi kama ilivyokuwa boti ikiwa mpya, jelikoti bado ipo na itaokolewa. Ukiona mabaka ambayo hata yakilowa yanabaki meusi na unaweza kuona nyuzi za faiba kwa ndani, hapo jelikoti imekwisha. Sehemu hiyo hairudi kwa kusuguliwa. Inataka rangi mpya ya poliurethani ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), au jelikoti mpya.

Tuseme ipo. Anza kwa kuosha na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa makusudi, maana hiyo inatoa nta na mafuta ya zamani. Suuza sana, acha ikauke. Kisha chukua vitambaa viwili vyeupe: kimoja kiloweshe kidogo kwa tina au spiriti nyeupe, ufute eneo la nusu mita, na cha pili kikavu kifuate papo hapo kabla tina haijakauka. Ukifuta kwa kitambaa kimoja tu, nta inayeyuka, inasambaa, inakauka tena palepale. Tina na asetoni zisiguse kioo cha plastiki cha mbele, kinapasuka nyufa ndogondogo siku hiyohiyo.

Hatua hii wengi wanairuka na ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi. Msasa ukipita juu ya nta ya zamani, unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na baadaye rangi, epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya na hadina) au jelikoti ya kuziba haishiki hapo.

Sasa jaribu eneo dogo, sentimita 30 kwa 30, mahali pasipoonekana sana. Anza na kompaundi, yaani dawa nzito ya kusugulia yenye chembe za kukata, peke yake. Kama mng'ao unarudi, usiguse msasa kabisa. Kama haurudi, rudia eneo hilo kwa msasa wa maji namba 1000, ukifuatiwa na 1500, kisha 2000, halafu kompaundi. Namba 800 iwe kwa unga mzito tu. Msasa wa 400 au chini ya hapo ni wa kazi ya kuziba mashimo, si wa kung'arisha. Usugue kwa mkono ukiwa na kipande cha mpira au sponji ngumu nyuma ya msasa, maji mengi yenye tone la sabuni, na kila namba mpya uisugue kukatiza ile iliyotangulia: ukienda kwa ulalo na 1000, nenda kwa wima na 1500. Hivyo utaona kama mikwaruzo ya kwanza imeisha kweli. Kingo na kona zibandike mkanda wa karatasi, kwa sababu pale jelikoti huwa nyembamba kuliko kwingine na dakika moja ya kujisahau inatosha kuifikia faiba.

Maji yatakayotiririka yatakuwa ya bluu. Hiyo ndiyo jelikoti yako inaondoka, kwa hiyo acha mara tu unga unapoisha. Boti ina nusu milimita hiyo kwa maisha yake yote, na kila anayeisugua anakata sehemu yake. Hii ndiyo sababu tunasisitiza nta: haiponyi kitu, lakini inaliwa na jua badala ya jelikoti.

Kompaundi ipakwe kwa mashine ya kupolishi yenye pedi ya manyoya, mizunguko 1,200 hadi 1,800 kwa dakika, eneo la sentimita 60 kwa 60 kwa wakati mmoja. Weka mistari michache ya kompaundi kwenye boti, isambaze mashine ikiwa polepole, kisha ongeza mwendo. Mashine isisimame mahali pamoja. Pedi ikijaa na kuwa ngumu, isafishe kwa brashi, maana pedi iliyojaa inachoma. Fanya kazi kivulini, asubuhi baada ya umande kukauka, kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi. Weka kiganja ubavuni: ukishindwa kukiacha hapo kwa sababu ya joto, hata kompaundi haitafanya kazi, itakauka kabla haijakata.

Ukimaliza, osha unga wa kompaundi, kausha, ndipo nta. Paka kwa mkono, tabaka jembamba sana, kwa sponji yenye unyevu kidogo. Subiri iwe na ukungu, kwa kawaida dakika 5 hadi 15 kulingana na hewa. Pitisha kidole: kikiacha njia safi yenye mng'ao, iko tayari kufutwa, kikiburuta na kupaka michirizi, bado. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, ukigeuze mara kwa mara. Rudia tabaka la pili kesho yake. Matabaka mawili membamba yanadumu kuliko moja nene, kwa sababu nta nene inakauka juu huku kimiminika kikibaki chini, na haiwezi kushika.

Kwa boti yako, kopo moja la nta ya kuganda la gramu 300 hivi linatosha matabaka mawili ubavuni na kubaki. Kompaundi chukua nusu lita hadi lita moja. Rudia nta kila baada ya miezi 4 hadi 6 kwa boti inayolala juani. Dalili ya kwamba imeisha ni maji: yakimwagwa ubavuni yakajikusanya matone ya duara, nta ipo, yakitandaa kama shuka, imekwisha. Wakati mzuri ni Juni masika yakishaisha, na tena Desemba kabla ya jua kali la Januari na Februari.

Habari. Niliipaka boti yangu nta yote, ubavu na sitaha. Imependeza, lakini mtoto wangu ameteleza akaanguka alipopanda ikiwa na maji. Nifanye nini?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Pole kwa mtoto, dada au kaka, na tafadhali usiishushe boti majini mpaka nta ya sitaha imetoka. Sehemu za kukanyaga hazipakwi nta. Kopo la nta ya sakafu nalo lisisogezwe kabisa, hata kama mwenzako anakuambia analitumia. Vile vijialmasi vidogo vilivyochongwa kwenye sitaha vipo ili kiatu kishike, na nta inajaa kwenye mabonde yake.

Kuitoa: maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwa mkono, lita 10, sabuni ya vyombo vijiko vikubwa vinne, brashi ya nailoni yenye nywele za wastani. Sugua kwa duara, kisha kwa njia mbili zinazokatizana. Suuza, kausha, futa kwa spiriti nyeupe kwa vitambaa viwili tulivyoeleza hapo juu. Huenda ukarudia mara tatu. Mwisho mwagia maji na ukanyage mwenyewe, ukishika kitu imara, kabla ya mtoto kupanda.

Baada ya hapo, sitaha itunzwe kwa kuoshwa mara kwa mara. Vumbi jekundu likiingia kwenye vile vibonde halitoki kwa kitambaa. Linataka brashi na sabuni, na likiachwa na mvua linakuwa doa. Madoa ya kutu chini ya skrubu na vishikio vya kamba yanatoka kwa tindikali ya oksaliki: kijiko kikubwa kimoja cha unga wake kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, paka, subiri dakika 10, suuza kwa maji mengi. Vaa glovu na miwani, ni sumu. Dawa ya choo tunaikataza. Ina tindikali kali inayokula mabati ya trela na vyuma vya boti.

Nta ipakwe tu sehemu laini zisizokanyagwa: kuta za ndani, ukingo wa kioo, pembeni mwa viti. Zikinge sehemu za kukanyaga kwa mkanda wa karatasi wakati unapaka.

Fundi wa magari hapa mtaani ananiambia atang'arisha boti yangu kwa grenda iliyofungwa pedi, halafu amalizie kwa mafuta ya taa ili ing'ae. Bei yake ni nafuu. Nikubali?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Usikubali. Grenda ndogo inazunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, mara sita ya mwendo unaotakiwa. Jelikoti itaungua na kuacha miduara ya manjano au meupe ambayo hutoka kwa kukata zaidi tu, kama bado kuna cha kukata. Fundi huyohuyo akiwa na mashine ya kupolishi yenye kurekebisha mwendo, mpe kazi. Wapaka rangi za magari wengi wana mkono mzuri.

Mafuta ya taa, oili na mafuta ya nazi yote yanang'arisha kwa sababu yamelowesha uso. Siku chache zikipita yamekusanya vumbi, na siku utakapotaka kuziba mkwaruzo utajikuta unayafuta kwa tina kwa saa nzima. Nta ya magari inafaa boti, ila soma kopo: yenye silikoni iepuke kama una mpango wa kupaka rangi hivi karibuni, kwa sababu rangi huikimbia silikoni na kuacha vishimo.

Tuna mitumbwi minane ya kupigia makasia kwa wageni, Ziwa Duluti. Imepauka. Kijana wetu alianza mmoja kwa msasa na kompaundi, ukawa na nyuzinyuzi na mbaya zaidi. Tulikosea wapi?
*Msomaji, Usa River*

Mtumbwi huo si wa faiba. Ni wa plastiki ya kumwagwa kwenye kalibu, na plastiki hiyo ukiisugua inatoa manyoya. Kuitambua ni rahisi: faiba ukiigonga kwa kifundo cha kidole inatoa sauti kavu na kali, na upande wa ndani kwa kawaida utaona nyuzi. Plastiki ina sauti nzito, inabonyea ukiisukuma kwa gumba, rangi ni ileile mpaka ndani, na hata nta haishiki vizuri. Hiyo ioshwe kwa sabuni, ipakwe dawa ya kukinga plastiki na jua, na zaidi ya yote ihifadhiwe kivulini, imelazwa ubavu au kupinduliwa, isikae kwenye ncha mbili tu maana inapinda.

Kama kati ya minane hiyo ipo ya faiba, itenge na uifuate njia tuliyomweleza msomaji wa Pasua. Na kabla ya kuhamisha mtumbwi wowote toka ziwa moja kwenda jingine, mwaga maji yote, ondoa majani na uache ukauke kabisa. Magugu maji husafiri hivyo.

Boti yangu ilikaa majini Nyumba ya Mungu karibu mwaka. Nimeitoa, nikakuta chini karibu na mkuku kuna malengelenge madogo, mengine ukubwa wa shilingi mia. Nimetoboa moja, limetoa maji yanayonuka siki na yananata. Fundi anasema nipake nta nene tu ili maji yasiingie tena.
*Msomaji, Mwanga*

Nta haitazuia. Maji hupenya kwenye jelikoti taratibu, yanakutana na mabaki ya kemikali ndani ya rezini, yanatengeneza kimiminika kizito, na kimiminika hicho kinavuta maji zaidi mpaka jelikoti inanyanyuka. Watu hudhani ni ugonjwa wa baharini, kumbe maji baridi yasiyo na chumvi huuleta haraka zaidi, kwa kuwa tofauti ya vitu vilivyoyeyuka kati ya maji ya nje na kimiminika cha ndani ni kubwa. Uvuguvugu wa maji nao unaharakisha.

Yahesabu. Yakiwa machache, unaweza kuyashughulikia. Vaa miwani kabla ya kutoboa, yana mgandamizo na yanaruka machoni. Futa nta kwa tina kwanza. Fungua kila lengelenge kwa msasa au kichwa kidogo cha kusagia mpaka ufikie faiba ngumu, kingo zikiwa na mteremko. Osha kwa maji safi ya moto, mara kadhaa kwa siku kadhaa, mpaka kunata na harufu vimeisha. Kisha acha boti ikauke kwa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa. Kwa kupima, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote kwa mkanda, uache siku mbili. Ukiona umande ndani ya nailoni, bado.

Ziba kwa epoksi iliyotiwa unga wa silika, kamwe si puti ya bodi ya magari, ambayo inanyonya maji. Juu ya epoksi usipake jelikoti ya kawaida. Mshiko wake hauaminiki. Maliza kwa matabaka kadhaa ya epoksi ya kinga, halafu rangi. Yakiwa mamia, jelikoti yote ya chini inatakiwa kutolewa, na hiyo ni kazi ya karakana. Baadaye boti ilale kwenye trela badala ya majini.

Boti ya kulala kwenye trela unaweza kuipaka nta hata chini ya mstari wa maji. Ila kama kuna rangi ya kuzuia viumbe vya majini, usiipake nta juu yake. Rangi hiyo inafanya kazi kwa kugusana na maji.

Nimeziba ufa pembeni mwa kishikio cha kamba kwa jelikoti. Ni Julai, siku ya tatu sasa, bado inanata. Hadina niliweka. Nisubiri?
*Msomaji, Ngaramtoni, Arusha*

Bonyeza kwa ukucha. Kama chini ni ngumu na kinachonata ni ngozi ya juu tu, hakuna kosa kubwa. Jelikoti ya kawaida haikauki juu ikiwa inagusa hewa. Futa kwa asetoni, sugua kwa msasa wa maji 400, 600, 800 hadi 2000, kompaundi, nta. Safari nyingine, ukishaijaza, ifunike kwa nailoni laini na ubandike kingo, au tumia jelikoti iliyotiwa myeyusho wa nta ya mafuta. Nta hiyo huelea juu wakati wa kuganda na kuzuia hewa. Itiwe kwenye tabaka la mwisho tu. Ukiitia kwenye la kwanza, la pili halitashika.

Kama ni laini mpaka chini, tatizo ni baridi au kipimo. Julai asubuhi Ngaramtoni ni baridi sana kwa rezini. Chini ya nyuzijoto 15 karibu inalala. Ipe joto la taa au jua mpaka nyuzi 25 hivi kwa saa kadhaa. Isipobadilika, ikwangue yote, safisha kwa asetoni, anza upya. Usipake hadina juu ukitegemea itazama.

Kipimo ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Kwa gramu 100 za jelikoti, mililita 1.5 za hadina, zipimwe kwa sindano ya duka la dawa na zikorogwe dakika mbili nzima ukikwangua kuta za kikopo. Utakuwa na takriban dakika 15 kabla haijaanza kuganda. Hadina hiyo ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani si ya hiari. Na kama una chupa ya koboti ya kuharakisha rezini, isikutane na hadina moja kwa moja, hata kwenye kikopo kimoja kichafu: zinalipuka.

Ufa wenyewe una sababu. Nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye kishikio zinaonyesha sitaha inapinda kila kamba inapovutwa. Fungua kwa chini uone kama kuna bamba la kuimarisha. Kama hakuna, weka bamba la aluminiamu la milimita 5, pana kuliko kishikio kwa sentimita 3 kila upande, na uzibe matundu ya skrubu kwa gundi ya poliurethani ili maji yasifike kwenye mbao za ndani ya sitaha. Gonga kuzunguka kishikio kwa mpini wa nyundo. Pakilia butu, mbao zimeshaoza, na hilo lianze kabla ya jelikoti.